UTULIVU MBELE YA MOLA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye, na sala na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Katika darsa zetu tumekuwa tukisoma mlango wa sala, na tulipofika kwenye nguzo zake tulisimama mahali ambapo hatukutazamia kusimama. Nguzo yenyewe ni fupi kwa maneno, na wengi wetu tuliihifadhi utotoni, tukiwa tumekaa mkekani mbele ya mwalimu. Lakini tulipojipima kwayo tuliona haya. Basi tumeona ni wajibu wetu kuwashirikisha ndugu zetu wa Likoni, Kisauni, Changamwe na kwengineko, waume kwa wake, kwani maradhi tuliyoyaona kwetu hatudhani kuwa ni yetu peke yetu.

Khabari yenyewe ilikuwa hivi. Usiku mmoja, baada ya kusali isha kwa jamaa, na kabla ya kufungua kitabu, mwenzetu mmoja aliuliza swali jepesi: "Imamu amesoma sura gani katika rakaa ya pili?" Tulikuwa watu wanane. Tulitazamana. Mmoja alitaja sura, mwengine akataja nyengine, na waliobaki wakainamisha vichwa. Aliyejua kwa yakini alikuwa mmoja tu, naye ndiye aliyekuwa imamu. Hazikuwa zimepita dakika kumi tangu tulipotoa salamu. Miili yetu ilikuwa safuni, nasi tulikuwa kwengine.

Usiku ule hatukuendelea na somo tulilolikusudia. Haya tunayoyaandika ndiyo tuliyoyasoma badala yake.

MUDA TULIOUOKOA UKO WAPI?

Kila tumuulizapo mtu kwa nini hapati hata robo saa ya kukaa kimya na Mola wake, jawabu huwa moja: hakuna nafasi, dunia imekuwa ya mbio. Na tulipime jawabu hili kabla ya kulikubali.

Wazee wetu wa Kisauni waliokuwa wakienda kisiwani walivuka Nyali kwa daraja la kuelea lililowekwa mwaka 1931. Mwaka 1980 likafunguliwa daraja la zege tulionalo leo. Aliyetaka kwenda Nairobi kwa gari moshi alilala njiani usiku kucha. Lakini tangu mwaka 2017 reli mpya inaanzia Miritini, na mtu wa Changamwe aweza kunywa chai ya asubuhi kwake, na adhuhuri akaisali Nairobi. Barua iliyokuwa ikichukua siku kadhaa, leo hufika kwa simu kabla mwandishi hajaiweka simu yake chini. Hizi zote ni neema, nasi hatuzikufuru. Lakini kila moja ilikuja na ahadi kuwa itatupunguzia muda wa shughuli. Basi tuulizane kwa insafu: huo muda tuliopunguziwa tumeuweka wapi? Lau tungeuhifadhi, leo tungekuwa na wasaa mkubwa kuliko babu zetu, kwa Mola wetu, kwa wazee wetu na kwa watoto wetu. Na sote tunajua kuwa sivyo.

Tazama asubuhi moja tu ya Likoni. Yakisiwa kuwa watu 300,000 huvuka mlango ule kila siku. Lango likifunguliwa watu huteremka mbio, mwenye mtoto mgongoni na mwenye mzigo kichwani, wakipigana vikumbo. Kisha wote huingia katika chombo kimoja, na aliyekimbia na aliyetembea hufika ng'ambo kwa pamoja. Wakiwa majini kwa dakika zile chache, ambapo hapana la kufanya wala pa kwenda, vidole vyote vimo simuni. Mwenyezi Mungu amemkalisha mja kwa nguvu mbele ya bahari na mbingu, akampa kituo ambacho hakukiomba, naye hakukiona.

Kwa hivyo hatuwezi kusema kuwa wakati haupo. Upo, na tena twalazimishwa kungoja kila siku: kwenye feri, kwenye msongamano wa malori ya Changamwe, kwenye safu ya daktari. Kilichokosekana ni moyo uliotulia wa kuupokea wakati huo. Na moyo uliozoea mbio nje ya msikiti hauachi mbio zake mlangoni pamoja na viatu.

NGUZO TULIYOIHIFADHI TUKAISAHAU

Wengi wetu tuliosoma katika vyuo vya pwani hii tulianza fikihi kwa kitabu kidogo kiitwacho Safinatun Najaa, alichokitunga Sheikh Salim bin Sumair wa Hadhramaut. Maana ya jina lake ni jahazi la uokovu. Katika kitabu hicho nguzo za sala zimehesabiwa kumi na saba. Na msomaji akizihesabu pole pole ataona jambo: baada ya kurukuu imetajwa nguzo ya kutulia katika rukuu, baada ya kuitadili ikatajwa nguzo ya kutulia katika itidali, kisha kutulia katika sijida, na kutulia katika kikao cha baina ya sijida mbili. Nguzo nne katika kumi na saba hazina tendo jengine ndani yake ila kutulia. Jina lake ni tumanina.

Na maana yake ikabainishwa ili pasiwe na udhuru: ni utulivu unaokuja baada ya harakati, kila kiungo kikakaa mahali pake, kwa kadiri ya kusema Subhanallah. Kadiri hiyo ni ndogo mno. Hapana mwenye shughuli asiyeweza kuipata. Lakini aliyeiacha hakuacha pambo la sala, ameacha nguzo. Na nyumba iliyong'olewa nguzo haiambiwi kuwa imepungua uzuri.

Asili ya hukumu hii ni khabari mashuhuri iliyopokewa na Abu Huraira (r.a.) katika Bukhari na Muslim. Mtu mmoja aliingia msikitini akasali, kisha akaja kumsalimu Mtume (s.a.w.). Mtume akamrudishia salamu, akamwamuru arudi akasali, kwani alikuwa bado hakusali. Akarudi, akasali kama alivyosali mwanzo. Akaamriwa tena. Ikawa hivyo mara tatu, mpaka yule mtu akaapa kuwa hajui kusali vyengine kuliko vile, akaomba afundishwe. Ndipo Mtume akamfundisha arukuu mpaka atulie katika kurukuu, ainuke mpaka alingane sawa katika kusimama, asujudu mpaka atulie katika kusujudu, na vivyo hivyo katika sala yake yote.

Na tuizingatie khabari hii. Mtu yule hakuacha kusali. Hakuchelewa wala hakuwa mvivu. Alisali mara tatu kwa kituo kimoja. Na juu ya hayo aliambiwa kuwa hakusali. Hapa ndipo penye khofu. Mwenye kuacha sala hujijua kuwa hana, na huenda siku moja akatubu. Lakini sisi tunaosali kwa kudonoa kama kunguru adonoavyo, jambo ambalo Mtume (s.a.w.) amelikataza, tunajihesabu kuwa tumo katika wenye kusali, na huenda tukakutana na Mola wetu na umri mzima wa rakaa ambazo hazimo daftarini. Sahaba Hudhaifa (r.a.) alimwona mtu asiyetimiza rukuu wala sijida, akamwambia kuwa hakusali, na kuwa lau angekufa katika hali ile angekufa juu ya njia isiyokuwa ya Muhammad (s.a.w.).

Sasa tutazame misikiti yetu katika mwezi wa Ramadhani. Yuko imamu anayesifiwa kwa kuwa tarawehe yake huisha upesi, na vijana huvuka mitaa miwili kumfuata. Kurani inasomwa kwa pumzi moja, na maamuma wa safu ya nyuma hawajafika chini ila imamu amekwisha kuinuka. Wako na wanaomtangulia imamu wao kwa kuinua kichwa, na maonyo ya Mtume juu ya hilo ni makali. Na ajabu ni kuwa anayemtangulia imamu hapati hata faida ya haraka yake, kwani hawezi kutoka katika sala mpaka imamu atoe salamu. Hali yake ni ya yule wa feri: amekimbia, na ng'ambo atafika pamoja na wenziwe.

HARAKA IPI INAYOLAUMIWA?

Hapa yafaa tupambanue, asije mtu akatufahamu vibaya. Mwenyezi Mungu ametuamrisha tushindane katika mema na tukimbilie msamaha wake. Kulipa deni, kumzika maiti, kufuturu jua likichwa, kutubia dhambi: haya yote yametakiwa upesi. Haraka inayolaumiwa ni ile ya ndani ya ibada. Kuliendea jambo la kheri twaliendea upesi, na tukishaliingia twatulia.

Dalili ni mwenendo wa kwenda msikitini wenyewe. Katika Surat al-Jumua tumeamrishwa, ianapo adhana ya sala ya Ijumaa, tuuendee utajo wa Mwenyezi Mungu na tuache biashara. Huenda mtu akafahamu kuwa maana yake ni kukimbia. Lakini Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa tusikiapo ikama twende kwa utulivu na heshima, wala tusikimbie, tutakayoidiriki tuisali, na iliyotupita tuitimize. Ikiwa kukimbia kumekatazwa hata katika njia ya kuiwahi sala, itakuwaje kukimbia ndani ya sala?

Wala kutulia si kurefusha. Mtume (s.a.w.) alimkataza Muadh (r.a.) kuwarefushia watu sala, kwa sababu nyuma ya imamu wako wadhaifu, na wazee, na wenye haja zao. Na Anas (r.a.) amesimulia kuwa hakupata kusali nyuma ya imamu aliyekuwa na sala nyepesi zaidi na iliyotimia zaidi kuliko Mtume (s.a.w.). Nyepesi na timamu kwa pamoja. Basi imamu aweza kuchagua sura fupi, akaisoma kwa tartili, akarukuu akatulia, na asimwudhi mtu. Asichoweza ni kuchagua sura ndefu akaikimbiza, kisha akajisifu kuwa amekhitimu.

Tena tukumbuke khabari ya al-Ashajj wa kabila la Abdul Qais, aliyekuja Madina pamoja na ujumbe wa watu wake. Imesimuliwa kuwa wenziwe walipofika walimkimbilia Mtume (s.a.w.) na vumbi lao la safari, yeye akabaki nyuma, akaifunga ngamia wake, akavaa nguo safi, kisha akaja kwa utulivu. Mtume akamwambia kuwa ana sifa mbili azipendazo Mwenyezi Mungu: upole na kutofanya pupa. Hakuna aliyempenda Mtume kidogo kati ya watu wale. Lakini aliyesifiwa ni yule aliyejitayarisha kabla ya kukutana naye. Na wazee wetu walipotuambia kuwa mwenda pole hajikwai, walikuwa wakiinywa maji ya kisima hicho hicho.

FARAGHA YA MTUME

Tumesema juu ya utulivu wa ndani ya sala ya jamaa. Sasa tuseme juu ya faragha, yaani saa ambayo mja yu peke yake na Mola wake, hapana wa kumwona wala wa kumsifu.

Kabla ya kushukiwa na wahyi, Mtume wetu alikuwa akijitenga katika pango la Hira masiku mengi, akichukua chakula chake. Alipokwisha kupewa utume, na mzigo wa umma ukawa juu ya mabega yake, faragha haikuondolewa katika maisha yake, bali ilihamishiwa usiku. Katika Surat al-Muzzammil aliamriwa asimame usiku na aisome Kurani kwa tartili, na sababu ikatajwa: mchana ana shughuli ndefu. Ndugu zetu, zingatieni hapa. Sisi twasema: kwa kuwa nina shughuli nyingi mchana, basi nisamehewe faragha. Mwenyezi Mungu amemwambia Mtume wake kinyume cha hayo: kwa kuwa shughuli zako za mchana ni nyingi, basi simama usiku. Wingi wa kazi haukufanywa udhuru. Umefanywa sababu.

Na kila Ramadhani Mtume (s.a.w.) alikaa itikafu siku kumi za mwisho, na katika mwaka aliofariki alikaa siku ishirini. Alikuwa akiongoza umma, akihukumu baina ya watu, akipokea wajumbe, na nyumba yake ilikuwa na haki zake. Hakungoja shughuli ziishe ndipo akae na Mola wake. Angengoja hivyo zisingeisha.

Wala hatulinganii utawa. Walipokuja watu watatu, mmoja akanuia kusali usiku kucha daima, mwengine kufunga bila ya kufungua, na mwengine kutooa, Mtume (s.a.w.) aliwakataza, akawaeleza kuwa yeye husali na hulala, hufunga na hufungua, na huoa. Anayemwacha mkewe na watoto wasio na chakula, akajifungia msikitini, hakuipata faragha, amekimbia amana. Vile vile hatuhitaji kubuni uradi mpya, wenye hesabu maalumu na usiku maalumu, ambao Mtume hakutufundisha. Sunna iliyothibiti yatutosha, na bado hatujaifanyia kazi hata robo yake.

KWA WENYE KUSEMA: TUTAENDELEAJE?

Huenda ndugu akatuuliza: "Nanyi ndio mliokuwa mkituhimiza tufanye kazi, tusomeshe watoto, tuache uvivu. Leo mwatuambia tupunguze mwendo. Tushike lipi?"

Swali hili lina haki ya kujibiwa. Marehemu Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, aliwazindua Waislamu wa pwani hii wasome na wafanye kazi. Naye mwenyewe alikuwa mtu wa shughuli: mwalimu, mwandishi, na tangu mwaka 1937 mpaka alipofariki mwaka 1947, Kadhi Mkuu wa Kenya. Mwito wa islahi haukupata kuwa mwito wa kuacha sala itimie. Mvivu na mwenye pupa ni ndugu wawili: wote hawaikamilishi kazi. Mmoja haianzi, na mwengine haitulii nayo mpaka imalizike kama ipasavyo. Fundi aliyezoea kutimiza rukuu yake ndiye tunayemtazamia atimize na ukuta wa mwenziwe.

Na riziki haikimbiliwi kwa kuikatia sala. Aya ile ile ya Ijumaa iliyotutaka tuache biashara, inayofuatia yake yatuamuru tutawanyike katika ardhi baada ya sala tutafute fadhila za Mwenyezi Mungu. Kila kimoja kimepewa wakati wake. Kisha sura ikamalizika kwa khabari ya kuhuzunisha: msafara wa biashara uliingia Madina hali Mtume (s.a.w.) amesimama akikhutubu, watu wakatoka kuukimbilia, na kwa mapokezi ya Jabir (r.a.) hawakubaki naye ila watu kumi na wawili. Ule msafara umekwisha, na nafaka yake imekwisha kuliwa. Kilichobaki kinasomwa mpaka leo ni kuwa waliondoka wakamwacha amesimama.

Nasi hapa kwetu tumeona mfano wake. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilianza kazi mwaka 1963, na kwa nusu karne baba na mwana waliingia zamu humo, mpaka usafishaji ukakoma mwaka 2013. Nani alidhani kuwa utakoma? Shughuli za dunia zote ni za namna hiyo: zikiwapo hudhaniwa kuwa haziwezi kungoja hata rakaa nne, na zikiondoka hazimngoji mtu. Sala ni ile ile aliyoisali babu.

IJUMAA YA MTONGWE

Liko jambo moja ambalo watu wa ng'ambo ya Likoni hawahitaji kukumbushwa, lakini vijana wengi walizaliwa baada yake. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 29 Aprili 1994, feri iliyokuwa ikitoka Mtongwe kwenda kisiwani ilipinduka karibu na pwani, na watu 272 wakafa. Chombo kilichoundwa kuchukua watu 300 kilikuwa kimebeba zaidi ya 400. Wengi walikuwa wakienda kazini. Hatuyataji haya kwa kuwalaumu waliokufa, Mtume (s.a.w.) amemhesabu aliyekufa maji miongoni mwa mashahidi, nasi twawaombea Waislamu waliokuwamo rehema na daraja hiyo.

Twayataja kwa ajili yetu sisi tuliobaki. Kila Muislamu aliyekuwamo katika chombo kile, alfajiri ya siku ile ilikuwa ndiyo sala yake ya mwisho ya faradhi. Hakuijua kuwa ni ya mwisho. Ijumaa aliyokuwa akiitazamia hakuidiriki. Aliyeisali alfajiri ile kwa utulivu, alikwenda nayo. Na aliyeidonoa akisema moyoni kuwa atatulia katika adhuhuri, adhuhuri haikumfikia.

Ndiyo maana Mtume (s.a.w.) alimuusia mtu aliyetaka mafundisho mafupi asali sala ya mwenye kuaga. Nasi, tunaovuka kila siku juu ya maji yale yale, tuna haja gani ya waadhi mrefu kuliko huo?

PA KUANZIA

Msomaji atauliza: nianzie wapi? Twasema, tusijitwike mzigo mkubwa tukautua baada ya wiki. Bibi Aisha (r.a.) amepokea kuwa amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile yenye kudumu, ijapokuwa ni chache. Basi sisi katika darsa yetu tumeahidiana mambo manne, na twawaalika ndugu zetu wayashike pamoja nasi.

La kwanza, kutulia katika nguzo zile nne, katika kila rakaa, hata tukiwa na haraka ya namna gani. Hili si la hiari, nalo ndilo msingi wa yaliyobaki.

La pili, kutoinuka mara tu baada ya salamu. Imepokewa kuwa Malaika humwombea mja msamaha na rehema maadamu amekaa mahali pake aliposalia, hajatangukwa na udhu. Dakika tano zatosha kuleta nyiradi zilizothibiti, na kuomba dua kwa lugha aifahamuyo mwenye kuomba. Na simu ibaki mbali. Afadhali ibaki nyumbani.

La tatu, kuamka kabla ya alfajiri kwa robo saa, tukasali rakaa mbili, kisha tukakaa kimya tukajihesabu: jana nilimdhulumu nani, nilisema nini, nina deni gani? Theluthi ya mwisho ya usiku ni wakati ambao Mola wetu huwaitikia wenye kumwomba na huwasamehe wenye kutaka msamaha. Na katika watu saba watakaopewa kivuli siku isiyokuwa na kivuli ila chake, mmoja ni yule aliyemkumbuka Mwenyezi Mungu katika faragha, macho yake yakatiririka machozi. Hakutajwa kuwa ni mwanachuoni, wala kuwa ni tajiri. Mama wa Mtongwe anayeamka usiku kukanda unga wa mahamri ya kuuza, na kuli anayengojea gari la alfajiri Changamwe, na mchuuzi aendaye soko la Kongowea kabla ya mapambazuko: hawa wamekwisha kuamka tayari. Saa bora wanayo mikononi. Imebaki kuinuia.

La nne, kuufanya wakati wa kungoja kuwa wakati wa dhikri. Katika Surat al-Aaraf tumefundishwa kumkumbuka Mola wetu nafsini mwetu, kwa unyenyekevu na khofu, bila ya kupaza sauti, asubuhi na jioni. Hili laweza kufanywa na mtu aliyesimama katikati ya umati wa feri, na aliye ubavuni mwake asijue. Mama mwenye watoto wadogo asiyepata pa kujitenga aweza kulifanya jikoni mwake, chungu kikichemka.

Nasi tuseme kweli: tangu tuahidiane haya hatujawa watu wepya. Wako wanaosahau, na wako walioamka siku tatu wakalala siku nne. Lakini juzi mwenzetu yule aliuliza tena swali lake baada ya isha, na katika sisi wanane walioweza kujibu walikuwa watano. Twamshukuru Mwenyezi Mungu kwa hao watano, na twamwomba awaongoze watatu waliobaki, ambao miongoni mwao yumo mwenye kuandika maneno haya.

MASWALI YA DARSA

1. Nguzo za tumanina ni ngapi katika Safina, na kadiri ya kila moja ni nini?

2. Ni ipi tafauti baina ya imamu anayewakhafifishia watu sala na imamu anayeikimbiza?

3. Kila mmoja wetu aihesabu siku yake ya jana: alingojeshwa mara ngapi, na katika kungoja huko alimkumbuka Mola wake mara ngapi?

Ewe Mola wetu, tujaalie katika wale wanaosali na kutulia, utupe saa ya faragha nawe kabla haijatufikia saa ya kurejea kwako, uwarehemu waliotutangulia katika maji na katika nchi kavu, na uzipokee amali zetu juu ya upungufu wake. Amin.

Wallahu aalam.